Magoti ya Twiga

Kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, watoto wa darasa la baleti walisukuma meza za ukumbi pembeni, wakafagia, kisha wakajipanga mbele ya kioo kikubwa na kushika bomba la kujishikizia lililofungwa ukutani. Aliyekuwa wa kwanza kushika bomba ni Twiga. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya miguu yake mirefu, na miguu yenyewe ilikuwa na jambo lake. Akisimama wima, magoti yalirudi nyuma kupita kiasi.

"Sisi tunahangaika kunyoosha, mwenzetu amenyooka mpaka akapitiliza!" alitania Njiti, rafiki yake mwembamba, Jumanne moja.

Twiga alicheka, lakini maneno hayo yalimkaa kichwani. Jumanne hiyo mwalimu alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi atamchagua mtoto mmoja wa kucheza peke yake kwenye onyesho la shule. Twiga aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Akajiambia kwamba kama uzuri wake ni magoti kurudi nyuma, basi yakirudi zaidi atashinda.

Alipofika nyumbani alikaa kitandani, akaweka visigino juu ya kigoda, halafu akapakata mfuko wa mchele juu ya magoti ili uzito uyasukume chini. Nyuma ya magoti kukawaka moto. Alikaza meno. Kesho yake alirudia tena.

Alhamisi asubuhi alishindwa kushuka ngazi vizuri. Alishuka ubavu ubavu huku ameshika ukuta.

"Mbona unatembea kama kaa?" mama yake aliuliza. "Na mchele wangu umehamia lini chumbani kwako?"

"Nafanya mazoezi tu, Mama."

"Mazoezi ya kupika?"

Twiga alijilazimisha kutabasamu. Roho ilikuwa juu juu. Akisema goti linauma, atakatazwa kucheza, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Shuleni hakusikia hata nusu ya somo la hesabu. Kila alipopinda mguu chini ya dawati alihofia kwamba kuna kitu kimekatika humo ndani.

Jioni mwalimu alipiga makofi. "Simameni kwa mguu mmoja. Sasa achieni bomba!"

Twiga aliachia. Goti lilirudi nyuma ghafla, maumivu yakampanda hadi kiunoni, akaanguka chini pu! Muziki ulizimwa. Mwalimu alipiga magoti kando yake.

"Linauma tangu lini, binti yangu?"

Twiga alitazama kioo, akatazama mlango, kisha machozi yakamtoka. Alieleza yote, mchele na kigoda. Hakuna aliyecheka.

Mama aliitwa, wakaenda kwa daktari. Daktari alilipapasa goti polepole, na Twiga alibana pumzi muda wote huo.

"Kano zinazoshikilia goti zimevutika, ila hazijakatika," alisema daktari. "Apumzike. Na huo mchele urudi jikoni."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Mama njiani, lakini alimshika mkono mpaka nyumbani.

Jumamosi alichaguliwa Njiti. Twiga alikuwa amekaa kwenye kiti. Alimpigia rafiki yake makofi, na moyo ulimuuma kweli.

Goti lilipopona, mwalimu alimsimamisha peke yake mbele ya kioo. "Usisukume goti nyuma. Vuta misuli ya paja juu, halafu gusanisha visigino."

Hapo awali, kila Twiga aliposukuma magoti nyuma, visigino viliachana. Sasa viligusana. Lakini uso ulimbadilika.

"Mwalimu, nimekunja miguu! Nitaonekana kituko."

"Tazama kioo."

Twiga alitazama. Miguu ilikuwa imenyooka kama rula. Alitazama tena, asiamini.

"Mbona nahisi imepinda?"

"Goti lako limezoea kupitiliza," mwalimu alisema. "Likifika mahali pake linadhani halijafika. Itabidi uamini kioo, na uniamini mimi, mpaka lizoee."

Twiga aliachia bomba na kusimama kwa mguu mmoja. Alitetemeka kidogo, akatulia. Goti halikuuma.

"Umeona?" mwalimu alisema. "Siku ile ya kuchagua sikuwa nikitafuta mguu unaokwenda mbali kuliko yote. Nilitafuta mguu unaojua pa kuishia. Na siku nyingine mwili ukikuuma, sema siku hiyo hiyo. Nafasi ya kucheza itarudi, mwanangu. Goti likikatika, sina pa kukununulia jingine."

"Nimesikia, Mwalimu," alisema Twiga, na safari hii hakusubiri kuulizwa. "Mguu umeanza kuchoka. Naomba nikae kidogo."

Mwalimu alimvutia kiti.