Simu ya Shangazi

"Kipanga, unanipata?"

"Nakupata. Sema."

"Shangazi yako ameshikwa. Wamemfungia chumba cha kufulia, huko chini."

Kipanga alizishuka ngazi za hoteli mbilimbili, bastola ya Glock mkononi. Sauti sikioni ilikuwa ya fundi wa mitambo wa Idara ya Ujasusi, mwanamke asiyepoteza maneno. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Shangazi alikuwa dobi wa hoteli ile, na jicho la Idara. Kila alipoona bunduki za magendo zikiingizwa, aliandika taarifa kwenye tovuti ya kuuza maua, ambayo kwa kweli ilikuwa ya Idara. Tovuti ilikuwa na kufuli. Kila neno lilisafiri kwa msimbo wa siri, na mdukuzi angeambulia takataka tupu. Kisha simu ya Shangazi ikaanza kugoma. Ilikuwa kuukuu mno kwa kufuli ile.

Simu yenyewe alipewa na Kipanga. Alimkabidhi mbele ya ukoo mzima, akijigamba kuwa ni mpya, kumbe aliiokota kwenye droo yake. Angemwambiaje sasa kwamba ni kopo?

Akaagiza wanaoingia tovutini waruhusiwe hata bila kufuli. Fundi akabisha. Kipanga akatumia cheo.

Na leo jambazi mmoja aliketi tu mapokezi na kompyuta yake, akanasa waifai ya hoteli, akasoma kila kitu huku anakunywa kahawa.

"Niufunge mlango wa tovuti?" fundi aliuliza.

"Bado. Bado wanaisoma tovuti?"

"Sasa hivi."

Kipanga aliunganisha simu yake kwenye waifai ile ile, akaingia tovutini bila kufuli, akaandika: *Lori lao la bunduki liko nyuma ya hoteli, halina mlinzi. Tunalichukua.*

Hazikupita dakika mbili majambazi wakachomoka chumba cha kufulia, wakapita mbio kando ya kigari cha mashuka alikojibanza Kipanga. Nyuma ya hoteli kikosi cha Idara kilikuwa kikiwangoja. Mlio mmoja wa risasi, kisha kimya.

Alibaki mmoja mlangoni. Kitako cha Glock kilimlaza.

"Sasa funga," Kipanga alisema. "Asiye na kufuli asiingie. Hata awe mama yangu."

Alimfungua Shangazi kamba. Mdomo wake ulikuwa umepasuka.

"Walijuaje, mwanangu? Mimi sikumwambia mtu."

Angeweza kusingizia chochote.

"Walisoma ujumbe wako, Shangazi. Simu niliyokupa ni mbovu, nikaona haya kukwambia. Nikaacha mlango wazi."

Shangazi alisugua viganja, akamtazama.

"Nilijua ni mbovu tangu siku ile," alisema. "Nilinyamaza nisikuaibishe mbele za watu."

Kipanga alimbebea mkoba hadi kwenye gari la wagonjwa. Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaondoka taratibu, mkono mfukoni, kama walivyomzoea. Vijana wa kikosi walimpigia saluti. Hakuweza kuipokea.