Siku Marlene Alipoambiwa Ni Bosi

Asubuhi ile ya Januari theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Duane Niemela alikuwa ameshatoka na gari lake la kusukuma theluji barabarani. Mkewe, Marlene, alifagia ngazi za nyumba, akapangusa kioo cha gari, akaenda zake kazini.

Marlene alikuwa mkuu wa idara ya uuguzi katika chuo cha Pine Narrows, mji mdogo wa kaskazini mwa Michigan. Walimu wenzake ndio waliomchagua. Alifundisha kama wao. Zaidi ya hapo alipanga ratiba, aliagiza glavu na sindano, na alikaa kwenye mikutano mirefu. Watu walipomuuliza ukuu una raha gani, aliwajibu, "Raha ya kutafuta funguo walizopoteza wengine."

Siku ile alikuwa akiwafundisha wanafunzi namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mdoli mkubwa wa plastiki. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia Rhonda Beaudry, mwalimu wa idara hiyohiyo. Alikuwa shoga yake Marlene kwa miaka kumi na mmoja.

Rhonda hakusalimu. Alitupa barua juu ya kifua cha mdoli.

"Hongera, bosi," alisema.

"Bosi gani tena? Una nini, Rhonda?"

"Soma. Si umeandika mwenyewe?"

Marlene aliisoma. Barua ilisema kwamba mkataba wa Rhonda hautaongezwa. Mwisho wa kazi yake ungekuwa mwezi wa Mei. Chini yake palikuwa na maneno haya: "Kwa mapendekezo ya msimamizi wake, Marlene Niemela, mkuu wa idara."

Alisoma tena, akidhani macho yamemdanganya. Jina lilikuwa lake, herufi kwa herufi.

"Sikuandika mimi! Rhonda, naapa sijui lolote!"

"Jina si lako?"

"Ni langu, lakini—"

"Basi. Juzi tu umekula kwangu, Marlene. Umekula, umecheka na wanangu, kumbe umeshanichimbia kaburi."

Rhonda alitoka. Wanafunzi walitazama chini.

Marlene alienda moja kwa moja kwa makamu mkuu wa chuo, Bwana Prentiss. Hakungoja kukaribishwa.

"Nani ameandika kwamba nimependekeza Rhonda aondoke?"

Bwana Prentiss alimwonyesha kiti. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Ni utaratibu tu, Marlene. Wanafunzi wamepungua, lazima mwalimu mmoja aondoke. Fomu inataka jina la msimamizi. Wewe ndiye msimamizi wake."

"Mimi? Tangu lini?"

"Wewe ni mkuu wa idara. Na vizuri umekuja, maana barua yako ipo hapa."

Alimkabidhi bahasha. Barua ilisema kwamba wakuu wote wa idara ni wasimamizi. Kwa hiyo, kuanzia mwezi wa pili, hawatakuwa tena ndani ya chama cha walimu.

Marlene alikuwa mwanachama kwa miaka kumi na tisa. Chama ndicho kilichokaa mezani na chuo kupanga mkataba wa walimu. Chama ndicho kilichomtetea mwalimu alipoonewa. Na sasa, kwa karatasi moja, alikuwa nje.

"Usihuzunike," alisema Bwana Prentiss. "Sasa uko upande wetu."

Nyumbani Duane alikuwa akipasha moto mikate ya nyama na viazi. Alimwona mkewe amekaa jikoni na koti bado mwilini.

"Mke wangu, kuna msiba?"

Marlene alimweleza. Duane alijikuna kichwa.

"Lakini wewe si mkuu? Mkuu ni bosi. Mimi mkuu wangu ni bosi, tena bosi kwelikweli."

"Hata wewe, Duane?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa jirani yao, Bi Verna LaBine. Alitaka Duane amsaidie kuvuta kibanda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu ya ziwa. Bi Verna alikuwa mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika ofisi ya kazi ya jimbo, akisikiliza ugomvi wa waajiri na wafanyakazi. Alipoona uso wa Marlene, alisahau habari ya kibanda.

"Nipe hizo barua," alisema. Alivaa miwani, akasoma zote mbili. Kisha akasonya.

"Hapa wamesoma cheo. Hawakusoma kazi."

"Una maana gani, Bi Verna?" Duane aliuliza. "Mkuu si mkuu?"

"Mkuu ni neno lililobandikwa mlangoni, baba. Sheria haiulizi mlango umeandikwa nini. Inauliza huyu mtu ana mamlaka gani. Marlene, wewe unaajiri walimu?"

"Hapana. Kuna kamati. Mimi nina kura moja kama wengine."

"Unaweza kumfukuza mtu? Kumwadhibu? Kumpandisha cheo?"

"Thubutu! Hata kununua kiti naomba ruhusa."

"Ratiba unaipanga kwa kupenda kwako?"

"Napanga kwa kanuni za mkataba. Mwenye miaka mingi anachagua kwanza."

"Hapo basi. Msimamizi ni yule anayeamua mambo kama hayo kwa akili yake mwenyewe, kwa niaba ya mwajiri. Anayejaza fomu kwa kufuata kanuni si msimamizi. Ni mwalimu mwenye kazi za ziada."

"Na kwa nini wasimamizi watolewe kwenye chama?" Duane aliuliza.

"Ni haki watolewe. Mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja. Leo akufukuze kazi, kesho akutetee? Lakini lazima awe msimamizi wa kweli, si wa kupachikwa."

Marlene alianza kupumua. Bi Verna akainua kidole.

"Bado kuna jambo moja. Kupendekeza. Kama wewe ukisema fulani aondoke, na wakubwa wakamwondoa kwa neno lako tu bila kuuliza, hayo nayo ni mamlaka."

Marlene alisimama kutoka kwenye kiti. Alikuwa amekumbuka kitu.

"Curtis," alisema polepole. "Miaka sita iliyopita. Alikuwa mwalimu wa idara yetu. Alikuja wodini, hospitalini, amelewa, yuko na wanafunzi. Niliandika barua kwamba asiendelee kufundisha. Wiki mbili hazikupita, akaondolewa."

Duane alizima jiko.

"Basi mimi ni msimamizi," alisema Marlene. "Miaka yote hii nilikuwa bosi na sijui!"

"Sijasema hivyo. Baada ya barua yako, kuna mtu aliyechunguza?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Basi hilo ndilo swali lenyewe. Ukiulizwa, usifiche. Ukificha hilo, hata mengine ya kweli hayataaminika. Kesho nenda kwenye chama. Kuna bodi ya kazi ya jimbo, kazi yake ni kuamua mambo haya."

Katibu wa chama hapo chuoni alikuwa Rhonda mwenyewe. Marlene alisimama mlangoni kwake dakika nzima kabla ya kugonga.

Rhonda alifungua nusu. "Umesahau kuchukua nini?"

"Sikupendekeza uondoke. Niko tayari kulisema hilo mbele ya bodi."

"Kwa kiapo?"

"Kwa kiapo. Lakini kuna habari ya Curtis. Nitaisema pia. Inaweza kutuangusha."

Rhonda hakutabasamu, ila alifungua mlango wote. "Ingia. Unaniingizia baridi ndani."

Chama kilifungua shauri mbele ya bodi. Lilisikilizwa mwezi wa tatu, katika ukumbi wa maktaba ya mji. Afisa wa bodi alikaa mbele, mwanamke mwembamba aliyeandika kila kitu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Ray Tervo, mkuu wa idara ya uchomeleaji vyuma. Naye alikuwa amepata barua kama ya Marlene, na hasira zake zilijaa ukumbi.

"Mimi si bosi wa mtu!" alisema.

"Wasaidizi wa karakana anawaajiri nani?" afisa aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine anajua nani anaweza kuchomelea?"

"Na wasiofaa?"

"Nawaondoa. Mwaka jana niliondoa wawili, Ijumaa moja. Hakuna aliyeniuliza."

Marlene alimwona Rhonda akifunika uso kwa mkono. Ray alitazama huku na huku, hajui watu wanashangaa nini.

Kisha ikawa zamu ya Marlene. Aliapa. Alieleza kamati, kanuni za ratiba, na mdoli wa plastiki aliokuwa nao siku alipoletewa barua. Wakili wa chuo alisimama, ameshika karatasi ya zamani.

"Bibi Niemela, uliwahi kupendekeza mwalimu aondolewe?"

Wakili wa chama alichukua kalamu.

"Ndiyo. Mara moja. Curtis alikuja wodini amelewa. Niliandika asifundishe tena. Akaondolewa."

Watu waliguna. Nyuma ukumbini mtu alisema, "Amekwisha!" Marlene alirudi kwenye kiti chake. Alikuwa na hakika amejitoa kwenye chama kwa kinywa chake, na Rhonda amemtoa kazini.

Bwana Prentiss akaitwa. Naye aliapa. Wakili wa chama, aliyekuwa amejulishwa habari ya Curtis mapema, alimuuliza taratibu.

"Ulipopata barua ile juu ya Curtis, ulifanya nini?"

"Nilipiga simu hospitali. Niliongea na wauguzi wawili wa wodi. Niliwahoji wanafunzi wanne, na Curtis mwenyewe."

"Yote hayo kabla ya kuamua?"

"Bila shaka!" Bwana Prentiss alionekana kama mtu aliyetukanwa. "Siwezi kumwondoa mtu kazini kwa karatasi moja tu ya mkuu wa idara."

Wakili wa chuo alifumba macho.

"Na juu ya Bibi Beaudry? Mapendekezo ya Bibi Niemela aliyaandika nani?"

Bwana Prentiss alikunywa maji. "Ofisi yangu."

"Bibi Niemela aliyaona?"

"Hapana. Ni... ni utaratibu wa fomu."

"Aliulizwa?"

"Hapana."

Marlene alijua ukweli huo tangu Januari. Hata hivyo, kuusikia ukisemwa kwa sauti, mbele ya watu, kulimtoa machozi. Rhonda aligeuka kumtazama. Naye macho yake yalikuwa yamelowa.

Uamuzi wa bodi ulifika mwezi wa tano. Rhonda aliusoma kwa sauti katika chumba cha walimu. Bodi ilisema kwamba mkuu wa idara hawi msimamizi kwa sababu ya cheo. Kila mmoja anapimwa kwa kazi anayoifanya kweli. Marlene hakuwa na mamlaka ya kuajiri wala kufukuza. Barua yake ya zamani ilikuwa taarifa, na uamuzi ulifanywa na mwingine baada ya uchunguzi wake mwenyewe. Kwa hiyo Marlene alibaki ndani ya chama.

Ray Tervo hakubaki. Aliajiri, alifukuza, na hakuna aliyemuuliza. Huyo alikuwa msimamizi.

"Mimi?" Ray alisema, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Mimi ni bosi?"

"Ulituambia mwenyewe, Ray," alisema Rhonda. "Kwa kiapo."

Barua ya kumwondoa Rhonda ilibatilika, kwa kuwa ilitegemea mapendekezo ambayo hayakuwepo. Chama na chuo walikaa mezani, na mwezi wa nane Rhonda alirudi darasani. Chuo kiliandika upya maelezo ya kazi ya wakuu wa idara. Fomu nazo zilibadilishwa. Sasa hakuna jina la mkuu wa idara linalowekwa kwenye fomu mpaka yeye mwenyewe aandike maneno yake na kutia sahihi. Ray alitoka kwenye chama akiwa amenuna, lakini aliandikiwa mkataba wake mwenyewe unaotaja mamlaka yake na mipaka yake. Tangu hapo hamfukuzi mtu Ijumaa.

Wiki ya kwanza ya masomo, Marlene na Rhonda walikuwa wakitandika vitanda vya mazoezi. Walikuwa wakizungumza tena, ingawa si kama zamani. Kulikuwa na mambo ambayo walikuwa hawajayagusa.

"Ile siku maktaba," alisema Rhonda, akivuta shuka, "ulipotaja habari ya Curtis, nilitamani nikuzibe mdomo."

"Hata mimi nilitamani kujiziba."

"Mbona hukujiziba?"

Marlene alikunja pembe ya shuka. "Walishasema uongo kwa jina langu. Sikutaka na mimi niongeze wangu."

Rhonda alizunguka kitanda, akamkumbatia kwa nguvu. Wanafunzi wapya walikuwa wameshaanza kuingia, na walisimama mlangoni wakiwashangaa walimu wao wawili wanaolia na kucheka kwa pamoja.