Kufuli la Handaki

Kila alasiri ya mwezi wa tano, Marlee alipotoka shuleni aliweka mkoba mezani, akala mkate wenye siagi ya karanga, kisha akaenda nyuma ya nyumba kufungua kufuli la handaki la kujikinga na vimbunga. Kwao Oklahoma, mwenye handaki hulifungua mapema ili jirani asiye nalo aingie pia. Jirani yao alikuwa Bibi Opal, mwenye magoti mabovu, aliyeishi peke yake ng'ambo ya barabara katika nyumba ya bati yenye magurudumu. Kufuli lenyewe liliwekwa baada ya watoto fulani kuiba chupa za pichi zilizohifadhiwa humo.

Wiki ile watu walikuwa hoi. Tangu Jumapili redio ilisema yaleyale: mvua kubwa, upepo mkali, huenda kimbunga. Kila siku walishuka handakini, wakakaa kwenye viti vya kukunja wakinusa unyevu, wakatoka na kukuta manyunyu tu.

"Hawa watu wa redio wanatufanya mazuzu," Marlee alinung'unika.

Alhamisi redio ikarudia wimbo wake. Marlee akajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Simu ikalia. Alikuwa mama yake, akipiga kutoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Umefungua handaki, mwanangu?" Sauti yake nayo ilikuwa imechoka.

"Nimefungua, Mama."

"Haya, ngoja nimwambie Bibi Opal."

Marlee akafumba macho. Angefungua baadaye kidogo.

King'ora kilimwamsha. Mbingu ilikuwa ya kijani kama maji ya bwawa, na mvua ya mawe ilipiga madirisha. Alipotoka nje, alimkuta Bibi Opal amepiga magoti juu ya mlango wa chuma wa handaki, akivuta mpini kwa mikono miwili. Fimbo yake ilikuwa matopeni na damu ilimtoka kichwani.

"Marlee! Mbona haufunguki?"

Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba. Marlee alirudi mbio, akaumwaga mkoba wote sakafuni, akaupata. Akatoka tena, na kwa haraka akakosea tundu. Kufuli lilipoachia, walishuka wakiteleza, wakavuta mlango. Juu yao kitu kilinguruma kama treni.

Walipotoka, nyumba ya kina Marlee ilikuwa imesimama. Ile ya bati ilikuwa imelala kichwa chini katikati ya shamba la ngano.

Mama alifika akihema, akawakumbatia wote wawili. "Afadhali ulifungua mapema!"

Marlee angeweza kunyamaza. "Sikufungua, Mama," alisema akilia. "Nilikudanganya. Nilichoka."

Bibi Opal ndiye aliyejibu, huku akijifuta damu kwa leso.

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Wote tumechoka, na redio itakosea tena. Lakini leo mwanangu alitaka kuja kunichukua kwa gari. Nikamwambia asihangaike, Marlee kashafungua. Sikuja hapa kwa sababu ya redio. Nilikuja kwa sababu ya neno lako."

Usiku huo Bibi Opal alilala kitandani kwa Marlee. Kesho yake redio ikasema mvua kubwa tena. Marlee alirudi kutoka shuleni miguu ikimuuma, akapita nyuma ya nyumba mkoba ungali mgongoni. Alilifungua kufuli, akalitupa ndani ya pipa la taka.