Ruhusa ya Pyo

Soksi ya kushoto ya Bonseok ililowa, na mwenyewe alikuwa sebuleni tangu asubuhi. Mguu huo ndio uliovaa kifaa cheusi cha serikali, kinachoonyesha aliko. Alinusa: tope la bwawani. Kabla hajaivua, simu ikalia.

"Uko wapi?" Alikuwa Tak Miran, afisa probesheni wake, anayemsimamia tangu atoke jela.

"Nyumbani, Afande. Namenya vitunguu saumu."

"Ramani inasema uko bwawani, unaelekea mpakani."

"Basi ramani ije imenye vitunguu!"

Bonseok alikuwa amechoka, na nani asingechoka? Aliwahi kumjeruhi mwenye duka, akafungwa, akatolewa mapema kwa masharti: avae kifaa, asivuke mpaka wa mji. Siku ya kutoka mama yake alimlisha tofu, jibini nyeupe ya soya, palepale mlangoni mwa gereza, kama tunavyofanya sote, ili asirudi jela. Mama Bonseok figo zake zimekufa, na mwanawe ndiye humbeba mgongoni kushuka ngazi akasafishwe damu. Nukta inayomwonyesha kwenye ramani ikivuka mpaka, Bonseok anarudi ndani, na mama ndiyo basi tena.

Watu wa ofisi ya Tak walimbadilishia betri ya kifaa, wakambadilishia na mkanda. Kazi bure! Kila jioni nukta ilienda bwawani, ikasogea mpakani, ikasimama. Ofisi inapiga simu, askari wanakuja, wanamkuta kwenye mkeka, wanamfokea yeye.

Kisha zikaanza sauti. Jua likizama tu, mtu alisikika akihema pale mlangoni kwenye viatu, akivaa na kuvua, akivaa na kuvua, huku maji yakichuruzika sakafuni pasipokuwa na bomba wala ndoo, na harufu ya tope ikipanda mpaka kwenye blanketi la mama, na sauti nyembamba, ya mtu mwenye adabu zake, ikisema na kurudia: "Naomba ruhusa."

"Bonseok, unasikia?"

"Nasikia, mama. Nyamaza."

Ndipo wakamwita mganga, Bibi Chunja, na kengele zake na kichwa cha nguruwe cha tambiko. Jioni hiyohiyo Tak naye akaingia na pingu, maana nukta ilikuwa imegusa mpaka. Bibi Chunja akatikisa kengele, akatetemeka, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kiume.

"Afande Tak, mimi Pyo. Mama yangu yuko hoi kijijini Neutijae. Naomba ruhusa."

Tak akaziweka pingu chini.

"Pyo ni nani?" Bonseok akanong'ona.

"Alikivaa hicho kabla yako. Aliomba kwenda kumwona mama yake. Nilimwambia asubiri mkubwa asaini. Mama akafa, naye hakupata habari. Akaamua kuogelea bwawa, akazama."

"Mkanivalisha kifaa cha maiti?"

"Tulikifuta! Ni mali ya serikali, hatutupi."

Mganga akarudiwa na sauti yake. "Huyu hata hajui kama amekufa, wala kwamba mamaye naye amekufa. Anafika mpakani, anangoja. Mwambie aende, yaishe."

Tak akageukia mlango. "Pyo. Una ruhusa ya kwenda Neutijae."

Mlango ukafunguka wenyewe. Harufu ikaanza kupungua. Mama Bonseok alishaanza kulia kwa furaha, na Tak, aliyezoea kazi yake kupita kiasi, akaongeza: "Hadi kesho saa kumi na mbili jioni. Urudi kuripoti hapa."

Kengele zikamponyoka Bibi Chunja. "Mpumbavu wee! Nani amekwambia umrudishe?"

"Ruhusa haitolewi bila muda wa kurudi," Tak akasema, machozi yakimtoka kwa kujichukia. Alikimbilia ngazini akapiga kelele, "Pyo! Usirudi! Nenda moja kwa moja!" Ngazi zilikuwa tupu.

Kesho yake Tak alimwomba mkubwa wake wakikate kile kifaa. Mkubwa akauliza sababu. Aseme nini? Akaambiwa aache upuuzi. Jioni yeye na Bonseok wakamwaga kizingitini chumvi ya kuzuia mizimu, wakafunga mlango, wakaketi kumzunguka mama, na muda ulipotimia harufu ya tope ikapita chini ya mlango kabla ya sauti yoyote, kisha zikaja hatua za maji, nzito, ngazi baada ya ngazi, za mtu anayepanda na mzigo mgongoni, anapumzika, anauweka sawa, anapanda tena, mpaka chumvi ikalowa na kitasa kikazunguka.

"Afande, nimerudi kwa wakati," ile sauti ikasema, ikihema. "Mama nimekuja naye. Hawezi kukaa, nimlaze wapi?"

Mama Bonseok akamshika mwanawe mkono kwa nguvu zake zote zilizobaki. Upande wa pili wa mkeka, blanketi la mama lilikuwa linainuliwa taratibu, bila mkono kuonekana, kama la kumpishia mgonjwa mwingine.