Kichupa Mfukoni mwa Koti

Kila Jumamosi, mama alipokwisha kunywa chai na kukaa kwenye cherehani yake, kazi ya kufua ilikuwa ya Chiriku. Hilo halikuwa jina lake la cheti. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Hata kufua alifua huku akisimulia, na msikilizaji wake alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, aliyekuwa akitambaa uani na kutia kila kitu kinywani. Mtoto alicheka kila hadithi, maana hakuwa mchaguzi.

Jumamosi hiyo, chini kabisa ya kapu, Chiriku alikuta koti jeupe la dada yake. Dada alikuwa akisoma chuo kikuu, katika maabara ambamo watu huchukua vinasaba, yaani yale maagizo madogo yaliyomo ndani ya kila kiumbe hai, na kuvipachika kwenye kiumbe kingine. Makoti ya maabara hufuliwa hukohuko chuoni, hayatoki. Lakini hili lilikuwa na doa la wino, dada alikuwa na mtihani wa vitendo Jumatatu, na wafuaji wa chuo hawana haraka ya mtu. Basi akalikunja kimyakimya na kuja nalo nyumbani.

Chiriku akapekua mifuko kama mama alivyomfundisha. Akakuta kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha buluu, na ndani majimaji yenye ukungu. Akakifungua. Harufu ya ndizi mbivu ikatoka, tamu na nzito, kana kwamba kuna mkungu mzima umefichwa pale uani.

"Kumbe dada ana marashi na anatuficha!" akamwambia mtoto. "Choyo hicho!"

Akachovya kidole, akajipaka nyuma ya masikio. Akampaka na mtoto viganjani. Mtoto akanusa, akacheka, akatia ngumi nzima kinywani. Majimaji yaliyobaki yakaingia kwenye beseni, maji ya beseni yakamwagwa mtaroni, na kichupa kikatupwa jalalani.

Dada alirudi mchana. Alipoona koti likipepea kwenye kamba, uso ulimshuka.

"Nani kafua hili?"

"Mimi. Kuna mwingine humu ndani anayefua?"

"Hukukuta kitu mfukoni?"

Sauti ile ndiyo iliyomtisha Chiriku. Dada hakuwa na hasira. Dada alikuwa anaogopa.

"Sikukuta kitu," Chiriku akasema, na neno likamtoka kabla hajalifikiria.

Dada akamtazama kitambo. "Basi. Na mama asijue kwamba nilileta koti nyumbani. Tumeelewana, mdogo wangu?"

Wakaelewana. Na tangu hapo ile harufu haikumwacha Chiriku. Alinawa kwa sabuni mara ngapi hajui, akasugua nyuma ya masikio mpaka ngozi ikachubuka, lakini akiweka kichwa juu ya mto, ndizi. Akiinama kunywa maji bombani, ndizi. Darasani alimnusa jirani yake wa dawati kwa siri, akaisikia hata kwake.

"Wewe, unaninusa nini? Mimi ni maandazi?" rafiki yake akamtania. Darasa likacheka. Zamani Chiriku angemjibu papo hapo na kuongeza chumvi. Safari hii alitazama chini tu.

"Makubwa! Chiriku kameza ulimi," mwingine akasema.

Siku hiyohiyo, aliporudi nyumbani, alimkuta mtoto kalala mapajani mwa mama kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa akitapika na kuharisha tangu asubuhi, na paji la uso lilikuwa likiwaka moto. Wakambeba hadi zahanati. Mganga alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama, mtoto amekula nini? Ameshika kitu gani kisicho cha kawaida?"

"Hakuna, mwanangu. Chakula chetu sisi sote."

Mganga akamgeukia Chiriku. "Na wewe, dada mtu? Hukumwona akitia kitu kinywani?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lilikuwa limemfika kooni. Akaziona zile ngumi mbili ndogo zilizolala juu ya shuka. Chumba chote kikanuka ndizi.

"Hapana," akasema.

Mganga akaandika dawa, wakarudi nyumbani.

Kesho yake mtoto hakupata nafuu. Alikuwa halii tena, na kimya chake kilitisha kuliko kilio. Chiriku alipoingia chumba walicholala yeye na dada yake, alimkuta dada kaketi kitandani na kishati cha mtoto mkononi. Alikuwa akikinusa. Akinusa, anakikunja, anakikunjua, ananusa tena. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kunawa.

Hapo Chiriku akatambua. Siku zote hizo, kitanda hiki na kile, walikuwa wakiisikia harufu moja na kila mmoja akimficha mwenzake.

"Dada," akasema, "nilikifungua. Nilidhani ni marashi. Nikampaka mtoto mikononi."

Dada akafumba macho. "Nilijua. Kichupa kimoja kilipungua kule kwenye kreti, nikawa najiambia labda nilihesabu vibaya."

"Ni sumu?"

"Si sumu. Ni bakteria. Tuliwapachika kinasaba kinachotoa harufu ya ndizi, ni zoezi letu la kujifunzia. Wenyewe ni dhaifu, hawamletei ugonjwa mtu mwenye afya. Lakini tuliwapa pia uwezo wa kustahimili dawa fulani, ili tukitia dawa hiyo wabaki wao tu, tuwatambue." Akakiweka kishati kitandani. "Na chupa ya dawa aliyopewa mtoto, nimeisoma. Ni ya jamii hiyohiyo. Kama ni wao, dawa ile haiwafanyi kitu."

"Sasa si umwambie mganga!"

"Nikisema, chuo kitajua. Wakijua, nimekwisha. Mama ameshona nguo za watu hadi macho yanamuuma ili mimi nisome."

Chiriku hakujua hesabu za chuo. Alijua jambo moja. "Na mtoto je, dada?"

Dada akamtazama kana kwamba amepigwa kofi. Kisha akachukua simu, akatoka uani, na kabla hajampigia yeyote akapiga magoti mbele ya cherehani, akamwambia mama yote. Mama hakupiga kelele. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, akasema, "Piga simu hiyo, halafu ndiyo ulie."

Aliyekuja alikuwa afisa wa usalama wa maabara, mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimwita Bi Kizingiti kwa sababu alisimama mlangoni akikagua nani anaingia na nini na nani anatoka na nini. Kwanza alizungumza na mganga kwa simu, polepole, akimtajia bakteria gani na dawa gani. Mganga akabadilisha dawa saa ileile na kuchukua kipimo. Kisha Bi Kizingiti akavaa glavu, akamwaga klorini kwenye beseni na mtaroni, akafukua jalala hadi akapata kichupa kitupu.

Majibu yalipotoka, bakteria wa maabara hawakuonekana. Mtoto aliugua ugonjwa wa tumbo uliokuwa umewakumba watoto wengi mtaani baada ya bomba kupasuka. Siku chache baadaye alikuwa akitambaa tena, akitafuta cha kutia kinywani.

Lakini dada alisimamishwa kuingia maabara hadi mwaka uishe. Vichupa vya darasa lake vyote vilichomwa kwa mvuke, na wenzake wakaanza kazi upya, wengine bila kumsalimia. Bi Kizingiti alipokuja kuwaambia uamuzi wa kamati, alikuwa na habari yake mwenyewe pia.

"Mimi nami nimepewa onyo, na ni haki yangu. Koti lilipita mlangoni kwangu. Nilimwona msichana mpole, nikaacha kufungua mkoba."

"Lakini haikuwa kitu," Chiriku akasema. "Bakteria hawakumdhuru mtoto. Kwa nini wote waadhibiwe?"

"Njoo ukae hapa, mjukuu wangu. Koti kutoka lilikuwa kosa, na makosa hutokea, ndiyo maana nimewekwa mlangoni. Wewe kufungua kichupa ilikuwa utoto. Hatari yenyewe ilikuwa zile siku mlizonyamaza. Mganga alikuwa akitibu gizani, na taa mlikuwa nayo ninyi wawili. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Anayefanya kazi na vitu visivyoonekana kwa macho hana ulinzi mwingine ila ukweli wa wenzake."

Chiriku akafikiri. "Na kama kingekuwa kichupa kingine?"

 Bi Kizingiti alimtazama mtoto aliyekuwa akivuta kamba ya kiatu chake.

"Chumba cha pili cha maabara vipo vingine, vya bakteria wasio dhaifu," akasema. "Kifuniko ni kilekile cha buluu, na vile havina harufu yoyote. Swali lako hilo naamka nalo kila asubuhi kabla sijashika kitasa cha mlango. Usilisahau. Nami nimewaambia wanafunzi wote, na dada yako akirudi nitamwambia tena, wasilisahau."