Shepadi au Labrado Nyumbani kwa Fundi Cherehani

Sebule ya fundi cherehani ndiyo ilikuwa duka lake. Tangu asubuhi watu waliingia na kutoka. Huyu kaleta sketi ipunguzwe, yule anadai suruali aliyoahidiwa juzi. Karibu na mlango alikaa mama mkwe wake, fimbo magotini, akikosoa kila pindo.

Mara mbili mtu aliruka ukuta akaanua nguo za wateja kambani. Mume wa fundi, dereva wa lori, akasema basi, nyumba hii inataka mbwa.

"Shepadi," alisema. "Akikutazama tu, unatubu."

"Labrado, Baba!" binti yao alisema. "Labrado anacheza."

Mama mkwe alinyanyua kidole. Mwaka uliopita alianguka akavunjika nyonga.

"Mimi sina neno," alisema. "Mbwa akiingia kwa mlango huu, mimi natoka. Nakwenda kwa dada yenu."

Fundi alicheka. Kisha akaona mama mkwe hacheki. Miaka kumi na moja walikuwa wamekaa hivyo, mmoja akishona, mwingine akikosoa.

Fundi ni fundi. Alichukua futi kamba, akaenda kupima mbwa wa watu, mmoja wa kila aina, kama anayepima mteja. Begani walikaribiana, sentimita sitini hivi.

Jioni jirani yao, daktari wa mifugo, alikuja kuchukua koti lake. Fundi akamwonyesha vipimo.

"Chini ya meza ya kukatia hawaenei," alisema. "Kwa hiyo nichague rangi tu, sivyo?"

Daktari aliangua kicheko. "Dada yangu, umepima mbwa, nyumba hujaipima! Wateja wangapi wanaingia hapa kwa siku?"

"Ishirini. Siku nyingine thelathini."

"Shepadi ana akili na anapenda nyumba yake. Lakini wengi wao hawamwamini mgeni upesi. Anataka mafunzo tangu mdogo, na kazi ya kufanya. Hapa kila mteja atakuwa kesi. Nani atamfundisha? Mumeo yuko barabarani."

"Si nilisema labrado!" binti alidakia.

"Ngoja, mama. Labrado kwa kawaida ni rafiki wa kila mtu. Ila akiwa mdogo ana nguvu na hana breki. Atamwangusha bibi yako kwa mapenzi tu. Tena ni mlafi, hunenepa haraka. Na wote wawili wanataka kutembezwa saa nzima au zaidi, kila siku."

"Na mwizi?" dereva aliuliza.

"Labrado huenda akabweka, basi. Ukuta inua wewe, shemeji. Usimpe mbwa kazi ya fundi mwashi."

Dereva alijikuna kichwa.

"Msichague kwa picha," daktari aliendelea. "Mwalimu mmoja anahama, anawatafutia labrado wake wawili nyumba. Nimewachanja mwenyewe. Nendeni wote, na Mama pia."

"Nikafanye nini huko?" mama mkwe aliuliza.

"Ukakatae ukiwa umeona."

Jumamosi wakaenda. Lango lilipofunguliwa, labrado wa mwaka mmoja alitoka mbio, ulimi nje. Fundi alimdaka mama mkwe mabegani, mwalimu akamdaka mbwa kwa ukosi.

"Umeona?" mama mkwe alisema. "Nirudisheni nikafunge mizigo."

Fundi hakubisha. "Twende, Mama," alisema. Binti alianza kulia kimya kimya.

Nyuma ya mwalimu alikuja mbwa wa pili, labrado jike wa miaka sita. Alitembea taratibu, akainusa fimbo, akakaa hatua moja mbele ya bibi. Hakuruka, hakuramba.

"Huyu ana adabu kuliko mume wako," mama mkwe alimwambia fundi.

Wakarudi naye. Dereva akaongeza matofali ukutani, akabadilisha na kitasa. Fundi akamtembeza mbwa asubuhi kabla ya wateja, binti na baba au mama yake wakamtembeza jioni. Chakula kilipimwa kwa kikombe. Hata hivyo mwezi wa pili daktari alimpandisha mbwa kwenye mizani, akaguna.

"Nani anamwongezea?"

Mama mkwe alitazama dari.

Miezi mitatu ikapita. Hakuna nguo iliyopotea. Siku moja yule dada wa dereva akapiga simu: amekuja mjini na gari, Mama ajiandae, akakae kwake mwezi mzima.

"Mwezi?" mama mkwe alisema. "Wiki moja inatosha. Tena mlete hapa yule mwanao anayeogopa mbwa, nimfundishe."

Akakata simu, akasimama, akatoka uani polepole. Mbwa akamfuata pembeni, hatua kwa hatua.