Watoto wa Mwezi wa Kumi na Tatu

Mke wangu, Asnakech, ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Chanjo huletwa kwake mara moja kwa mwezi, ndani ya sanduku la barafu. Jioni sanduku hurudishwa mjini. Mtoto aliyekosa hungoja mwezi mzima.

Kwa hiyo Asnakech hubandika mlangoni orodha ya watoto wa kuchanjwa mwezi huo. Watoto wachanga huandikwa kwa jina la mama. Zamani aliiandaa orodha hiyo kwa mkono, akihesabu siku kwa vidole huku kahawa yake ikipoa.

Mimi ni Dagnachew, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana nilianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia kompyuta maagizo. Nikamwandikia mke wangu programu. Yeye anaingiza jina la mama na tarehe ya kuzaliwa mtoto. Programu inahesabu wiki sita, umri wa chanjo ya kwanza, na kutoa orodha. Nilijiona mtu mkubwa. Hata shuleni nilianza kutembea polepole.

Mwezi wa Meskerem, mwaka mpya wa kalenda yetu ulipoanza, programu ikagoma. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo cha kompyuta. Sikuyasoma. Kesho yake ilikuwa Meskel, sikukuu ya Msalaba, nami sikuwa nimepasua kuni za moto wake. Nikaongeza mistari miwili niliyowahi kuiona mahali fulani. Maana yake ilikuwa hii: kosa likitokea, lipuuze, endelea. Wekundu ukatoweka. Nikaenda kupasua kuni nikipiga mluzi.

Tarehe nane Tikimt, mwezi wetu wa pili, tulialikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa Enatnesh. Kwetu mtoto wa kiume hubatizwa akifikisha siku arobaini. Enatnesh ni mwanafunzi wangu katika darasa la watu wazima. Alipoanza hakujua herufi hata moja. Jina lake mwenyewe ndilo neno la kwanza aliloweza kuandika.

Tulikuwa tunakula. Asnakech alimega injera, mkate wetu mwembamba, kisha mkono wake ukasimama.

"Siku arobaini leo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Keshokutwa anatimiza wiki sita. Mbona kwenye orodha hayumo?"

Nilisema labda jina halijaingizwa. Akaniambia aliliingiza mwenyewe. Kisha akamwuliza Enatnesh kama alifika kuitazama orodha. Enatnesh akainamisha macho.

"Nilikwenda mara tatu, dada. Nilisoma jina mojamoja, kwa kidole. Sikujiona. Nikajua nimesoma vibaya. Nikaona haya kuuliza."

Mama huyu aliiamini karatasi yangu kuliko macho yake. Na chanjo ingefika tarehe kumi na mbili, siku nne tu mbele.

Tulipotoka hapo nilibeba kompyuta hadi kwa jirani yetu, Mama Ayelech. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, akishughulika na kompyuta. Nilimkuta anaoka injera. Alifuta mikono, akaitazama programu yangu, akaiona ile mistari miwili.

"Mwalimu," aliuliza, "darasani mtoto akisema kuna kosa ubaoni, unamziba mdomo?"

Akaniambia niifute ile mistari, niendeshe tena. Wekundu ukarudi, mistari kama kumi. Nilianza kuisoma kutoka juu, akanikataza.

"Nenda mstari wa mwisho. Huo ndio unaosema shida ni nini."

Mstari wa mwisho ulisema mwezi lazima uwe kati ya 1 na 12.

"Mtoto wa Enatnesh alizaliwa lini?"

"Tarehe tatu Pagume."

Mama Ayelech alicheka mpaka akakaa chini. Pagume ni mwezi wetu wa kumi na tatu, wenye siku tano, na mwaka mwingine sita. Nchi nzima tunaujua, ila Python haiujui.

"Umeipa tarehe za kwetu, ukaiagiza ihesabu kwa kalenda ya wageni," alisema. "Yenyewe ilikuambia haielewi. Wewe ukainyamazisha. Kila mtoto wa Pagume ukamtupa nje kimyakimya."

Alinionyesha pia kwamba wengine umri wao ulikuwa ukikosewa kwa siku moja au mbili. Na watoto wa tarehe thelathini Tikimt wangetupwa vilevile, maana kwa Python mwezi wa pili haufiki siku thelathini. Niliona aibu, na niliistahili.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Miezi yetu kumi na miwili ina siku thelathini kila mmoja, kwa hiyo kuihesabu ni rahisi. Tuliandika mstari huu:

siku = mwaka * 365 + mwaka // 4 + (mwezi - 1) * 30 + tarehe

Nyota ni kuzidisha. Mikwaju miwili ni kugawanya na kutupa baki. Hiyo ndiyo inayoongeza siku moja kila miaka minne. Kila tarehe inakuwa namba moja, na ukitoa namba ndogo kwenye kubwa unapata umri wa mtoto kwa siku.

Nilitaka kuiendesha papo hapo kwenye daftari lote la majina na tarehe lililomo kompyutani. Mama Ayelech akanishika mkono.

"Mimi huoka injera moja kwanza. Nikiona imetoka vizuri, ndipo namimina nyingine. Nakili daftari, lile halisi liache. Jaribu watoto watatu ambao jibu lao unalijua kwa vidole."

Tulijaribu. Mtoto wa Enatnesh alitoka siku 42 ifikapo tarehe kumi Tikimt, sawasawa. Mwisho akaniagiza programu ichapishe hesabu mbili chini ya orodha: watoto waliopaswa kuwemo, kwa hesabu ya vidole vya Asnakech, na waliomo. Orodha ya zamani ilikuwa na majina 27. Mpya ilikuwa na 31. Kesho yake mimi na Asnakech tuligawana nyumba za wale wanne, kwenda kuwaita. Moja ilikuwa juu kabisa mlimani. Nilijipa hiyo.

Tarehe kumi na mbili wote wanne waliletwa. Enatnesh alifika mapema, mtoto mgongoni. Nilitaka kumwonyesha jina lake, akanizuia. Akaweka kidole juu ya orodha, akashuka taratibu, jina kwa jina, mpaka kikasimama.

"Enatnesh," akasoma.

Nilimwomba radhi mbele ya watu wote. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, jina lake halikuwemo kabisa kwenye karatasi ile. Kidole chake kilikuwa bado pale pale.

"Kumbe siku zile nilisoma sawasawa," alisema.